Jinsi ya kuhoji makubaliano ya kukiri kosa katika kesi za ubakaji

Hasira ya watu huwaka siku adhabu inapotajwa, ilhali mara nyingi jambo lenyewe lilikwisha kuamuliwa majuma kadhaa kabla, katika ofisi ya mwendesha mashtaka, pasipo mwandishi wa habari wala ndugu wa mwathiriwa kuwapo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia, majirani na wanaharakati wa Kenya na Tanzania wanaosikia fununu kwamba mshtakiwa wa ubakaji "ameelewana na serikali", na wangependa kujua la kufanya kabla mahakama haijayapokea maelewano hayo. Baada ya kupokewa, nafasi ya kuyapinga hubaki finyu mno.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Florida, Marekani. Mwaka 2007 waendesha mashtaka wa serikali kuu walitia saini mkataba na mawakili wa tajiri Jeffrey Epstein, aliyetuhumiwa kuwadhulumu kingono wasichana wengi waliokuwa bado watoto, kwamba hatashtakiwa katika mahakama ya serikali kuu iwapo atakiri makosa madogo katika mahakama ya jimbo. Juni 2008 alikiri makosa 2 yanayohusiana na ukahaba, akahukumiwa kifungo cha miezi 18, akatumikia takriban miezi 13, tena akiruhusiwa kutoka gerezani mchana kwenda kufanya kazi ofisini kwake. Kabla ya kukiri huko, mkataba ukiwa umekwisha kutiwa saini, baadhi ya wasichana walipokea barua za kuwasihi wawe na subira kwa sababu uchunguzi ulikuwa ukiendelea. Februari 2019 jaji Kenneth Marra aliamua kwamba kuwaficha mkataba ule kulivunja sheria ya haki za waathiriwa ya mwaka 2004, na Julai mwaka huo Alexander Acosta, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa eneo lile mkataba ulipofungwa, alijiuzulu uwaziri wa kazi. Kilichowakosesha wasichana wale nafasi ya kusema ni kutoambiwa kwa wakati, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupata taarifa mapema.

Hakikisheni kwanza ni makubaliano kweli

Mshtakiwa akisema "ni kweli" baada ya kusomewa shtaka, hayo si makubaliano. Amekiri bila masharti, na adhabu ya chini iliyowekwa na sheria inabaki palepale. Kukiri kwa namna hiyo kuna faida ambayo wenye hasira hawapendi kuisikia: mtoto haitwi kizimbani kuhojiwa na wakili kuhusu mwili wake. Vilevile adhabu nyepesi inayotolewa baada ya kesi kusikilizwa hadi mwisho si makubaliano. Kesi ya mwanafunzi wa Stanford huko California, ambayo watu wengi huitaja wanapolaani mikataba ya aina hii, ilisikilizwa na baraza la wazee wa mahakama mwaka 2016 na mshtakiwa akapatikana na hatia. Kifungo cha miezi 6 kilitokana na uamuzi wa jaji Aaron Persky peke yake, na wapiga kura walimwondoa mwaka 2018.

Makubaliano yenyewe ni pale mshtakiwa anapokiri kwa kupewa kitu: shtaka zito linabadilishwa kuwa dogo, au mashtaka mengine yanafutwa, au upande wa mashtaka unaahidi kuomba adhabu fulani. Msipotofautisha haya matatu mtaandika barua ya kumlaumu hakimu kwa jambo lililofanywa na mwendesha mashtaka, na barua hiyo haitakuwa na jibu.

Ulizeni kama sheria inayaruhusu

Hapa ndipo wengi hushangaa. Kenya iliingiza makubaliano ya kukiri kosa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2008, na kifungu cha 137N kikasema wazi kwamba utaratibu huo hautumiki kwa makosa yaliyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Tanzania iliuingiza mwaka 2019, nayo ikayatenga makosa ya kujamiiana ambayo adhabu yake inazidi miaka 5 pamoja na yale ambayo mwathiriwa wake ana umri wa chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtu yeyote anayewaambia kwamba mbakaji wa mtoto "amefanya makubaliano rasmi" katika nchi hizi mbili ama amekosea, ama anawaeleza jambo ambalo mahakama haipaswi kulipokea, na mnayo haki ya kumtaka aonyeshe kifungu anachokitegemea.

Lakini kufungwa kwa mlango huo hakujamaliza tatizo. Maelewano hupita kwingine, na njia yake ya kawaida ni hati ya mashtaka.

Someni hati ya mashtaka, hasa nambari zake

Ombeni nakala kwa mpelelezi wa kesi, kwa mwendesha mashtaka au katika masjala ya mahakama. Maelezo ya tukio huvuta macho, lakini uzito wa kesi umo katika mstari wa kosa. Katika hati ya Kenya mtakuta, kwa mfano, kosa la unajisi kinyume cha kifungu cha 8(1) kikisomwa pamoja na kifungu cha 8(3) cha Sheria ya Makosa ya Kingono. Hiyo 8(3) inamaanisha mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kifungo kisichopungua miaka 20. Ikiwa 8(2), mtoto ana miaka 11 au chini ya hapo, na adhabu ni kifungo cha maisha. Ikiwa 8(4), anahesabiwa kuwa na miaka 16 au 17, na kifungo cha chini kinashuka hadi miaka 15. Tarakimu moja ikibadilishwa, miaka 5 imeondoka bila mtu kupaza sauti, kwa sababu hadhira mahakamani husikia neno lilelile "unajisi". Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au ripoti ya daktari ya kukadiria umri iwe katika faili la polisi tangu mwanzo, nanyi mbaki na nakala.

Kwa mwathiriwa mtu mzima pengo ni kubwa zaidi. Ubakaji nchini Kenya una kifungo kisichopungua miaka 10, ilhali tendo la aibu kwa mtu mzima, chini ya kifungu cha 11A, lina kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Mtu aliyeingia mahakamani akikabiliwa na miaka 10 anaweza kutoka siku hiyohiyo baada ya kulipa faini, ikiwa shtaka la kwanza litaondolewa na kubakia hili la pili. Nchini Tanzania tazameni kama kifungu cha 130 na cha 131 cha Kanuni ya Adhabu, ambavyo kwa kubaka huleta kifungo kisichopungua miaka 30, na cha maisha iwapo mtoto ana chini ya miaka 10, bado vimo katika hati au vimepisha shambulio la aibu.

Msishtuke, hata hivyo, mkiona shtaka mbadala limeandikwa chini ya shtaka kuu. Waendesha mashtaka huliweka kama kinga, ushahidi wa kosa kubwa ukipungua. Dalili ya hatari ni shtaka kuu kuondolewa ghafla, hasa kabla mashahidi hawajaitwa, wakati ripoti ya hospitali ipo na mashahidi wapo tayari.

Andikeni kabla ya tarehe ya kutajwa kesi

Mkipata fununu, msisubiri ithibitike. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya mashtaka ya wilaya au kaunti, nakala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ikiwa ni Kenya, au kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikiwa ni Tanzania. Iwe na nambari ya kesi, jina la mahakama, tarehe inayofuata, na maombi mawili tu: mwelezwe kwa maandishi kama shtaka linakusudiwa kubadilishwa au kuondolewa, na mwathiriwa asikilizwe kabla ya uamuzi huo. Ipelekeni kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaowatetea baadaye ofisi ikidai kwamba familia haikuwa na pingamizi.

Kwa Kenya, tajeni Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014, inayompa mwathiriwa nafasi ya kutoa maelezo yake kwa polisi na upande wa mashtaka kuhusu kushtaki au kuondoa kesi, na kwa mahakama wakati wa dhamana, makubaliano na adhabu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Joseph Lendrix Waswa, ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi, ingawa namna ya ushiriki huo huamuliwa na mahakama na hauwezi kuchukua nafasi ya mwendesha mashtaka. Tajeni pia ibara ya 157(8) ya Katiba: mashtaka hayaondolewi bila idhini ya mahakama. Maana yake ni kwamba ipo siku ambayo hakimu atauliza kama kuna pingamizi, na siku hiyo mwathiriwa au wakili wake awepo. Kesi nyingi za aina hii husikilizwa faraghani, basi wakili na aombe mapema ruhusa ya kuingia, kwa kuwa umati wa ndugu utabakia nje. Msio na uwezo wa kumlipa wakili nendeni kwa mashirika ya msaada wa kisheria: FIDA au COVAW kwa upande wa Kenya, na TAWLA, WLAC au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa upande wa Tanzania.

Makubaliano yanayofungwa sebuleni

Nitasema bila kuzunguka: katika vijiji na mitaa yetu, makubaliano mepesi kupita yote hayamhusu mwendesha mashtaka hata kidogo. Wazee hufika jioni na maneno laini ya "yaishe, sisi ni watu wa damu moja", mbuzi na fedha hutajwa, na mwezi unaofuata shahidi mkuu amepelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Kesi hufutwa kwa kukosa ushahidi, kisha wale wale waliopokea fedha hulalamika kwamba mahakama zimeoza. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya kimeuweka uamuzi wa kusitisha upelelezi au kesi mikononi mwa ofisi moja ya kitaifa, ambayo leo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Chifu, mzee wa mtaa, baba wa mtoto na mkuu wa kituo cha polisi hawana mamlaka hayo. Anayeshinikizwa amweleze mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa maandishi, akitaja nani alikuja na alisema nini. Ikiwa ni mtoto, simu ya 116 hupokea taarifa bila malipo katika nchi zote mbili.

Mkiamua kuandamana

Kelele husaidia ikiwa ina anwani. Mwaka 2013 huko Busia, Kenya, msichana aliyejulikana kwa jina la kubuni la Liz alibakwa na kundi la wanaume, na baadhi ya watuhumiwa wakaamriwa kufyeka nyasi katika kituo cha polisi kisha wakaachiwa. Oktoba mwaka huo waandamanaji walipeleka makao makuu ya polisi Nairobi saini zaidi ya milioni moja, wakidai watuhumiwa washtakiwe na polisi waliohusika wawajibishwe. Aprili 2015 wanaume 3 walihukumiwa kifungo cha miaka 15. Msichana yule alibaki Liz hadi mwisho, na huo ndio utaratibu wa kufuata: jina, picha, shule na hata jina la mama wa mwathiriwa visitajwe katika bango wala mtandaoni.

Anwani yenyewe ichaguliwe kwa makini. Huko Alaska, mwaka 2018, mshtakiwa wa shambulio lenye tendo la kingono alikiri kosa la shambulio tu na hakurudi gerezani; Novemba wapiga kura walimkataa jaji Michael Corey, aliyeyapokea makubaliano hayo. Lakini makubaliano yalikuwa yameandaliwa na upande wa mashtaka, na sheria ya jimbo haikulihesabu tendo lile kuwa kosa la kingono. Pengo hilo lilizibwa na bunge la jimbo mwaka 2019. Kwangu mimi hatua hiyo ya pili ina uzito kuliko kuondolewa kwa jaji, ingawa haikuvuta kamera nyingi.

Adhabu ikishatolewa

Mwathiriwa hawezi kukata rufaa mwenyewe dhidi ya adhabu nyepesi. Ni lazima aisukume ofisi ya mashtaka ichukue hatua, na muda ni mfupi. Kenya, rufaa kutoka mahakama ya hakimu ina siku 14. Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka hutoa notisi ndani ya siku 30 na kuwasilisha rufaa ndani ya siku 45. Ombeni siku hiyohiyo nakala ya mwenendo na hukumu, kwa maandishi. Njia nyingine ni kuiomba Mahakama Kuu ipitie jalada, kwa maana inaweza kuongeza adhabu baada ya kumsikiliza aliyehukumiwa. Kwa Kenya hoja imepata nguvu tangu Julai 2024, Mahakama ya Juu iliposema katika kesi ya Joshua Gichuki Mwangi kwamba adhabu za chini zilizomo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ni halali na hakimu hawezi kushuka chini yake.

Hata hivyo, ikiwa adhabu inalingana na kosa dogo lililobaki katika hati, nyongeza itakayopatikana haiwezi kupita kikomo cha kosa hilo, na mtu aliyekwisha kuhukumiwa hashtakiwi tena kwa tukio lilelile. Katika hali hiyo lalamiko lielekezwe kwa Mkurugenzi wa Mashtaka kuhusu afisa aliyebadilisha shtaka, likiambatanishwa na ile barua yenye muhuri wa kupokelewa.