Kronografu na risasi unazojaza mwenyewe: namna ya kuisoma

Kama uko huku Marekani na umeanza kujaza risasi zako nyumbani, nunua kronografu mapema, ile mashine inayopima kasi ya kichwa cha risasi kikishatoka mtutuni. Wengi wanainunua wapate kasi kubwa ya kuwaonyesha wenzao renji, mi naona kazi yake ya kwanza ni kukulinda wewe na macho yako.

Manake kasi haiji bure, inatokana na presha ndani ya ganda. Ukishafika kasi ya juu kabisa ya kitabu cha vipimo vya kujaza risasi na bado uko katikati ya kiasi cha baruti walichoandika, usifurahie, simama hapo hapo, hata kama fataki (kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti) haijabapa na bolti inafunguka laini, dalili za presha kubwa mara nyingi zinakuja zimechelewa. Angalia pia urefu wa mtutu waliotumia wenye kitabu, kama wao ni inchi 24 na wako ni 20 basi kasi yako inatakiwa iwe chini, ukiona zimelingana hilo ni onyo.

Kupanga sasa. Kronografu za zamani za macho mawili (vihisi vya mwanga) ziweke futi 10 hadi 15 mbele ya mtutu, ukisogeza karibu mlipuko unazichanganya, na hakikisha risasi itapita katikati juu ya macho yote mawili, watu wanazitwanga kila siku. Za kufunga mtutuni kama MagnetoSpeed zinasoma vizuri ila zinaongeza uzito pale mbele na risasi zinahama pale zinapogonga, kwa hiyo pima kasi nayo halafu itoe ukienda kwenye shabaha. Za rada kama Garmin Xero unaweka pembeni ya bunduki tu, hela ikiwepo chukua hiyo.

Anza na risasi chache za kiwandani ujue mashine inasema kweli. Federal Gold Medal Match ya .308 greni 168 (uzito wa kichwa cha risasi) imeandikwa futi 2650 kwa sekunde, karibu mita 808, ukiona imepishana sana na hapo na mtutu wako ni wa kawaida, kagua mashine kwanza. Ndo uanze zako, kutoka kipimo cha chini cha baruti unapanda kidogo kidogo.

Kwenye kioo kuna ES, tofauti ya risasi yenye kasi kuliko zote na ya polepole kuliko zote, na SD, inayoonyesha kwa kawaida zinatawanyika kiasi gani. Jamani msiamini SD ya risasi 3! Piga 10 au zaidi ndo uongee. Na kama unapiga yadi 100 tu usijitese, tofauti ya kasi ya futi 50 kwa sekunde hutaiona kwenye karatasi, ila yadi 600 ni inchi kadhaa juu na chini.

Andika na hali ya hewa, baruti nyingi zikipata joto kasi na presha vinapanda, kipimo ulichokipata Januari karibu na kikomo, Julai shuka chini kidogo ukipime upya.