Kabla ya kuviringa koili ya mikro ya gitaa: mambo ya kuweka tayari

Mikro ni kile kifaa cha sumaku na waya kinachonasa sauti ya nyuzi za gitaa ya umeme, na koili ni waya wake ulioviringwa. Koili hiyo ikiharibika, mara nyingi chanzo chake kilikuwepo kabla ya mzunguko wa kwanza: waya haukuwa wenyewe, ukingo wa bobini (kiunzi kinachoviringiwa waya) ulikuwa na makali, au umeme ulikatika na fundi hakuwa amejipanga. Kwetu Lubumbashi hasara hiyo inauma zaidi. Shaba ya waya, na kobalti inayoingia katika sumaku za alniko pamoja na alumini na nikeli, zinachimbwa katika ardhi hii hii, lakini waya wenyewe tunausubiri kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo anza na waya. Unene uliozoeleka ni milimita 0.063, ambao Wamarekani huuita namba 42. Mikro iliyo upande wa shingo katika gitaa aina ya Telecaster hutumia mwembamba zaidi, milimita 0.056, yaani namba 43. Ukienda kwa mafundi wanaoviringa mota upya, pale upande wa soko la Kenya hapa mjini, mwombe papa fundi kwa milimita, na usishangae akikuonyesha waya mnene mara kadhaa, kwa sababu kazi yake ni mota na transfoma. Sishauri kufumua waya wa rilei (swichi ya umeme yenye koili) ya zamani. Vanishi inayoufunika imeshapata nyufa, na mizunguko ikigusana ndani ya koili, mikro inapoteza nguvu na hutaona kwa macho ni wapi. Jaribu pia kipande kidogo kwa pasi ya kulehemu: vanishi ya poliyurethani inayeyuka yenyewe kwa joto, ile ya zamani ya rangi ya kahawia inakudai uikwangue kwa msasa laini. Ni vizuri kulijua hilo mapema kuliko kuligundua ukiwa umeshika ncha ya mwisho.

Amua idadi ya mizunguko ukifikiria mpigaji. Mikro ya mtindo wa gitaa ya Stratocaster hupata kama 7,600 hadi 8,000, ile ya aina ya P-90 kama 10,000, na ile ya koili mbili kama 5,000 kwa kila koili. Ukiongeza mizunguko sauti inapata nguvu, lakini nyuzi nyembamba zinapoteza ule mng'ao. Kwa anayepiga kwa vidole, kwa njia ambayo Katanga, mkoa wetu, iliirithi kwa wapiga gitaa kina Mwenda Jean Bosco, mimi ningebaki 7,500 kuliko kukimbilia 9,000. Kidole gumba na cha shahada vinaongea vitu viwili tofauti, na koili nzito inavichanganya.

Sasa bobini, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Waya huu unakatika kwa mvuto usiofika gramu 100. Chukua pamba kidogo, ipitishe taratibu kwenye ukingo wote wa ndani, juu na chini, kisha kwenye tundu ambamo waya utaanzia. Pale nyuzi za pamba zitakaponasa, waya nao utanasa. Piga msasa laini, futa vumbi, pitisha pamba tena mpaka isiache hata unywele mmoja. Kama sumaku zinagusana moja kwa moja na waya, zipake vanishi au zizungushie utepe mwembamba, kisha uache zikauke kabisa. Ncha ya kuanzia ilehemu na uifunge imara sasa hivi. Ikikatika karibu na kiini wakati umeshafika mizunguko 7,000, koili nzima imekufa.

Rola la waya lisimame wima sakafuni bila kuzunguka, waya utoke kwa juu na upite kati ya vipande viwili vya kitambaa kizito vinavyoubana kidogo. Rola likizunguka lenyewe, uzito wake unauvuta waya kila unapobadili kasi. Miezi ya ukame, vumbi jekundu la mji wetu linaingia kila mahali. Funga madirisha, tandika meza kitambaa cheupe, osha mikono jasho litoke.

Suala la umeme halina mjadala: tumia mota ya volti 12 kwa betri ya gari, au mpini wa mkono. Ukilazimika kutumia umeme wa nyumbani, jizoeze kuchomoa plagi mara tu unapokatika, maana ukirudi ghafla mota inaruka na waya unakatika. Kihesabu nacho kisitegemee umeme huo. Kalkuleta ndogo yenye swichi ya sumaku kwenye ekseli inatosha, ila ina kikomo cha kasi, kwa hiyo ilinganishe kwanza na mizunguko 100 uliyohesabu mwenyewe.

Andika daftarini, kabla ya kuanza, mwelekeo wa kuviringa na ncha ya sumaku inayotazama nyuzi. Dira ndogo itakuonyesha. Ukitaka mikro mbili zifute mvumo wa hertzi 50 zikiwa pamoja, geuza vyote viwili, mwelekeo na sumaku, katika mojawapo. Wazo hilo la koili mbili zinazopingana ndilo Seth Lover aliloliombea hataza akiwa katika kampuni ya gitaa ya Gibson mwaka 1955. Ukigeuza kimoja tu, sauti itatoka nyembamba kama imefinywa puani. Acha pia nafasi ya kuandika upinzani wa koili kwa kilo-omu pamoja na joto la chumba, kwa sababu upinzani wa shaba hupanda kama asilimia 4 kwa kila digrii 10. Kipimo cha asubuhi ya Julai na cha mchana wa Oktoba havilingani.

Nta ya kuzamishia koili ikishakamilika iwe tayari: sehemu nne za parafini na moja ya nta ya nyuki. Sufuria ya nta ikae ndani ya maji ya moto, kamwe isiwekwe juu ya mbabula (jiko la makaa) moja kwa moja, kwani mvuke wake unashika moto. Weka kipimajoto na ubaki karibu na digrii 65, bobini ya plastiki isije ikapinda.

Mwishoni kabisa, funga bobini kwenye mashine na uviringe mizunguko 200 kwa uzi wa kushonea. Ukiona uzi unapanda ukingoni au bobini inayumba, rekebisha vizuizi vya pembeni na ekseli, ufumue uzi, urudie.