Jinsi ya kupeleka shamba lako Nane Nane: kutoka Nyandira hadi viwanja vya Morogoro

Kila ifikapo Juni simu yangu huanza kuita. "Dada, na sisi mwaka huu tumepewa meza kwenye banda la halmashauri. Tuanzie wapi?" Huwa nawasaidia, ila moyoni nasikitika, kwa sababu Juni nusu ya kazi inatakiwa iwe imeshasimama shambani. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima huku Nyandira, milimani Mgeta, na nimeshuka na mazao kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Kanda ya Mashariki, mara tisa. Naandika ninayoyajua ili mwakani mpige simu Machi.

Sisi wa umri wangu tunakumbuka Sikukuu ya Wakulima ilivyokuwa Saba Saba. Siku hizi Saba Saba ni ya biashara, kule Dar es Salaam, na sisi wa jembe tuna Nane Nane, mwezi Agosti: tarehe 1 mabanda yanafunguliwa, tarehe 8 ndiyo kilele. Ni wakati mzuri kwetu. Masika yamepita, mahindi yako darini, maharage yameshapigwa, na kipupwe kinasaidia mboga zisiharibike upesi. Kanda yetu ni Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam, kwa hiyo atakayesimama mbele ya meza yako anaweza kuwa mkulima wa mihogo kutoka Rufiji au kijana wa Dar ambaye hajawahi kushika jembe. Wote wawili wana haki ya kuondoka na kitu.

Na hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunatafuta kabichi kubwa kuliko zote, tunaipanga juu ya kitambaa cheupe, tunakaa nyuma yake. Mgeni anasema "hee, kubwa!", anapiga picha, anakwenda zake. Hajajifunza lolote. Kabla hujachagua zao la kupeleka, jiulize swali moja: mkulima mwenzangu akitoka hapa, kesho asubuhi atafanya nini shambani kwake ambacho jana hakukijua? Ukikosa jibu, zao hilo liache nyumbani, hata liwe zuri kiasi gani.

Tuanze na vipando, yaani vile vijishamba mnavyopewa ndani ya uwanja. Vipando ndivyo vinavyoaibisha vikundi, kwa sababu haviwezi kuharakishwa. Hesabu kinyumenyume kutoka tarehe 1 Agosti. Kabichi na nyanya nasia kitaluni wiki ya pili ya Aprili na kuhamisha wiki ya pili ya Mei. Mahindi, nikitaka wageni wayakute yamebeba na ndevu zimeanza kukauka, napanda wiki ya kwanza ya Mei, sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shimo hadi shimo, mbegu moja moja. Bamia mwanzoni mwa Juni. Mchicha mara mbili, tuta la kwanza tarehe 8 Julai na la pili wiki moja baadaye, maana la kwanza litakomaa na kuanza kutoa maua wakati wageni bado wanakuja. Kumbuka pia kwamba Morogoro mjini ni joto kuliko huku kwetu, hivyo mmea hukimbia. Usitumie siku ulizozizoea mlimani.

Maji ndiyo roho ya kipando. Mwaka wetu wa pili tulipanda mvua bado zinanyesha, tukafurahi, tukarudi mlimani. Mvua zikakata. Tuliposhuka katikati ya Juni tulikuta mahindi yamesokota majani kama vitunguu, yamesimama usawa wa goti na mbelewele, yale maua ya juu, tayari. Hakukuwa na wa kumlaumu, hatukuwa tumempangia mtu zamu. Tangu hapo kila mwanachama anachanga, tunamlipa kijana anayeishi karibu na uwanja amwagilie asubuhi na jioni, na kila Jumamosi mmoja wetu anashuka kuangalia. Hesabu hiyo muiweke kwenye bajeti kabla ya fulana na kofia.

Sasa mazao ya mezani. Kabichi zikatwe asubuhi ya siku ya safari, umande ukiwa umeanza kukauka. Acha majani matatu au manne ya nje na kipande cha shina, hayo ndiyo koti lake njiani. Zipangwe kwenye matenga, shina juu, katikati ya safu uweke majani ya mgomba, halafu tenga likae kivulini hadi jioni. Usizifunge kwenye mifuko ya sandarusi. Tuliwahi kufanya hivyo tukasafiri mchana; lori la Fuso likasimama muda mrefu njiani pale Mlali, na tulipofungua jioni zilikuwa zimetoa jasho na kunuka. Siku hizi tunapakia saa mbili usiku, na tunapofika Sangasanga kwenye lami bado kuna ubaridi. Majani ya nje yanaondolewa mezani, asubuhi, kwa kisu kikali.

Karoti usizioshe nyumbani. Karoti iliyooshwa hunyauka siku ya pili. Zing'olewe na majani yake, zifungwe mafungu, udongo ubaki, zioshwe hapo hapo uwanjani zile tu za siku hiyo. Njegere ni hivyo hivyo, maganda yasibanduliwe vikonyo. Na kwa kuwa maonyesho ni siku nane, gari moja halitoshi. Sisi tunapanga mizigo mitatu, tarehe 31 Julai, tarehe 3 na tarehe 6 Agosti. Ule wa tarehe 6 uwe na yaliyo bora kabisa, kwani ndiyo yatakayokuwapo mgeni rasmi akipita na wakaguzi.

Mahindi makavu yanataka uvumilivu wakati wa kuchagua. Mimi humwaga mahindi yote, kabla hayajapukuchuliwa, ukumbini juu ya turubai na kukaa chini nayo. Nashika moja, naangalia mistari kama imenyooka toka kitako hadi ncha. Naangalia ncha kama imejaa. Naligeuza polepole kutafuta punje yenye kitobo kidogo mfano wa tundu la sindano, hapo dumuzi, mdudu mla mahindi, ameshaingia. Nalitikisa sikioni. Naubana ukucha kwenye punje, ukizama, bado bichi. Katika gunia zima huwa napata ishirini au ishirini na tano tu ya kutundika, yote ya aina moja. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha kutochanganya, alikuwa akisema mahindi ya rangi mbili kwenye kamba moja yanamkosesha mtu jina la mbegu.

Lakini kitu kinachosimamisha watu mezani kwetu kuliko mahindi hayo ni chupa mbili na kijiko cha chumvi. Nitaeleza, nanyi mfanye. Chukua chumvi ya kawaida, ianike juani hadi iwe kavu kabisa. Weka vijiko viwili kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi moja ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu bado umezidi, kama asilimia 15 kwenda juu, na mahindi hayo yakifungwa gunia yataota ukungu. Chumvi ikishuka yote chini bila kuganda, yamekaribia. Mimi bado naongeza siku moja au mbili za jua, kwa sababu ili yakae muda mrefu yanatakiwa yafike asilimia 13 na nusu. Chupa ya kwanza tunatia mahindi makavu, ya pili mahindi tuliyoyalowanisha kidogo jana yake, mgeni atikise mwenyewe zote mbili.

Mwaka juzi alisimama mzee mmoja na mkongojo, akaangalia kimya. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mama. Hiyo chumvi mnailisha mahindi?" Nikampa chupa. Alitikisa, akaiinua kwenye mwanga, akatikisa tena. Chumvi ilikuwa imeganda kuzunguka kioo kama barafu. Akaniambia kwamba kila mwaka alikuwa anayang'ata kwa meno kujua kama yamekauka, "na sasa meno yenyewe yameisha." Aliondoka na chumvi kidogo kwenye karatasi, ingawa nilimwambia ni chumvi ile ile ya dukani.

Pembeni ya chupa tunaweka mitungi miwili ya mahindi yaliyovunwa siku moja. Mtungi wa kwanza yalikaa kwenye kiroba cha kawaida, yamebaki unga na maganda. Wa pili yalikaa kwenye mfuko usiopitisha hewa, wenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba, kila mmoja ukafungwa peke yake. Dumuzi hukosa pumzi humo na kufa bila dawa. Huo mtungi ulioharibika wanachama wengine walitaka tuufiche. Nilikataa na bado nakataa. Mkulima anaamini hasara aliyoiona.

Mbuzi wa maziwa ni fahari ya Mgeta tangu Chuo Kikuu cha Sokoine kilipoleta wale wa Norwe huku miaka ya 1980, na kila banda linawataka. Kuwa mwangalifu. Mnyama wa baridi huyu, akishushwa ghafla kwenye joto hupunguza maziwa, na wangu anayetoa lita moja na nusu kwa siku hushuka hadi lita moja. Chukua kibali cha kusafirisha kwa afisa mifugo mapema, siyo siku ya safari. Msafirishe usiku, peke yake au na mwenzake wanayefahamiana, sakafu ya gari iwe na nyasi. Beba majani aliyoyazoea, sisi hukata nyasi za guatemala na kubeba mafungu ya siku tatu, ndipo tunachanganya kidogo kidogo na ya mjini. Maji masafi muda wote, kivuli muda wote, na saa za mchana watoto wasimzonge. Maziwa ya kuonja yachemshwe. Akihema haraka mdomo wazi, mtoeni kwenye banda, wageni watasubiri.

Maandishi ni kidogo lakini muhimu. Kila zao liwe na karatasi moja yenye herufi kubwa, isomeke kutoka hatua tatu: jina la mbegu, tarehe ya kupanda, nafasi, mbolea kiasi gani, gharama kwa ekari, magunia mangapi. Andika mavuno ya kweli. Ukiandika magunia 30 na umepata 14, atakayeuliza swali la pili atakuumbua mbele za watu, na atakayeamini atakopa pesa kwa ajili ya uongo wako.

Panga wasemaji wawili wawili kwa zamu ya muda wa saa nne, mmoja awe kijana. Mmoja alale bandani. Funga turubai kwa kamba pande zote, upepo wa Agosti hauna huruma. Na weka daftari la wageni, lenye jina, wilaya, simu, na safu ya mwisho: "umeuliza nini?" Daftari letu la mwaka jana lina maswali mengi ya mbegu za njegere kuliko kitu kingine chochote, ndiyo maana mwaka huu tumetenga tuta zima kwa ajili yake.

Tarehe 9 asubuhi mboga zilizobaki tunauza kwa bei ya chini au kuwagawia waliotusaidia maji. Mahindi yale ya kutundika, ya kienyeji, hayauzwi. Yanarudi mlimani kwenye tenga lake, yanatundikwa juu ya moshi wa jiko, na ndiyo mbegu ya msimu ujao. Ya mbegu chotara twende tukasage tu, hayo ukiyapanda tena hayafanani na mama yake.