Video Inapokwama Kwenye Kivinjari cha Linux: Pima Kwanza, Ndipo Utibu

Mtu ambaye video zake zinakwamakwama kwenye kompyuta ya Linux hushawishika upesi kusakinisha upya mfumo mzima, au kunakili amri kumi alizozikuta mahali bila kujua kila moja inafanya nini. Namsihi asianze hivyo. Chanzo huwa ama mtandao, ama usimbuaji wa picha (kuifungua video iliyobanwa ili ionekane), ama kodeki isiyokuwepo (kodeki ni mbinu ya kubana na kufungua video), ama kufuli la hakimiliki, ama sauti, na kila kimoja kina dalili zake ambazo huonekana ndani ya dakika chache kwa anayejua pa kutazama.

Fungua video yoyote ya YouTube, bofya juu ya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague mstari wa chini kabisa wa menyu, ule wa takwimu. Kijisanduku kitakachotokea kitakuonyesha, pamoja na mengine, idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) zilizodondoshwa, jina la kodeki inayotumika, na sekunde za video zilizokwisha kupakuliwa zikisubiri kuchezwa. Ikiwa akiba hiyo ya sekunde inakaribia sifuri kila picha inaposimama, tatizo ni la mtandao; punguza ubora wa video au tumia kebo badala ya Wi-Fi, na usipoteze muda kugusa kitu kingine. Lakini ikiwa akiba ni nyingi na fremu zinazodondoshwa zinazidi kuongezeka, mtandao hauna hatia: kompyuta ndiyo inayoshindwa kuisimbua picha kwa wakati.

Hali hii ya pili ndiyo inayowasumbua wengi, hasa wenye kompyuta za zamani. Tazama jina la kodeki. Likianza na av01, tovuti inakutumia AV1, ambayo hubana video vizuri sana lakini huhitaji nguvu nyingi kuisimbua. Kadi za michoro za Intel, kwa mfano, zilianza kuisimbua zenyewe katika vichakataji vya kizazi cha 11, vilivyotoka mwaka 2020. Katika kompyuta ya kabla ya hapo, kazi yote huangukia kichakataji kikuu, feni huvuma na picha hurukaruka. Katika Firefox, andika about:config kwenye upau wa anwani, tafuta media.av1.enabled, uigeuze kuwa false, kisha upakie ukurasa upya. Ikiwa hata vp09, yaani kodeki ya VP9, ni mzigo mzito, kiendelezi kiitwacho enhanced-h264ify hulazimisha YouTube itume H.264, ambayo hata kadi za zamani huimudu. Gharama yake ni kwamba YouTube haitoi H.264 kwa ubora unaozidi 1080p, jambo ambalo kwa skrini ya kawaida halina madhara.

Baada ya hapo, hakikisha kwamba kadi ya michoro inashirikishwa kweli. Sakinisha kifurushi cha vainfo (katika Linux za Fedora na Arch kinaitwa libva-utils), kisha andika vainfo kwenye terminali. Mstari wenye jina la kodeki na neno VAEntrypointVLD maana yake ni kwamba kadi inaweza kuisimbua kodeki hiyo. Usiuchanganye na ule wenye EncSlice, ambao unahusu kubana video. Kukitokea hitilafu badala ya orodha, huenda kiendeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, hakipo. Katika Debian na Ubuntu, Intel za tangu Broadwell (kizazi cha 5) hutumia intel-media-va-driver, zilizotangulia hutumia i965-va-driver, na AMD hutumia mesa-va-drivers. Firefox iliwasha usimbuaji huu yenyewe kwa kadi za Intel kuanzia toleo la 115 la mwaka 2023, na kwa AMD kuanzia toleo la 136 la mwaka 2025, kwa hiyo kusasisha kivinjari pekee kunaweza kuwa tiba. Ukurasa wa about:support, katika sehemu ya media, utakuthibitishia. Kwa Chrome ni chrome://gpu. Picha ikiwa ya kijani au nyeusi baada ya kuwasha, zima uongezaji kasi wa maunzi katika mipangilio, kwa kuwa kiendeshi chenye kasoro ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Dalili nyingine ni YouTube kucheza vizuri huku tovuti nyingine ikikataa kabisa. Firefox huja na visimbuzi vyake vya VP9 na AV1, lakini kwa H.264 na sauti ya AAC hutegemea maktaba za FFmpeg (programu za kusimbua video na sauti) zilizomo kwenye mfumo, na baadhi ya mifumo huziacha nje kwa sababu ya hataza. Katika Debian, sakinisha libavcodec-extra. Katika Fedora, washa hazina ya RPM Fusion, kisha uandike sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing. Firefox iliyosakinishwa kwa Snap (njia ya kusakinisha programu zikiwa zimetengwa na mfumo) hukaa katika chumba chake, kwa hiyo kuongeza maktaba nje ya chumba hicho hakutaisaidia.

Huduma za filamu za kulipia zikikataa kucheza, ruhusu maudhui yanayolindwa na DRM (kufuli la hakimiliki) katika mipangilio ya jumla ya Firefox, kisha usubiri kidogo ili kijenzi cha Widevine, kinachofungua kufuli hilo, kipakuliwe. Chromium ya hazina za mifumo mingi haina kijenzi hicho, ilhali Google Chrome inacho. Ikiwa filamu inacheza lakini ubora wake ni hafifu, fahamu kwamba kwenye Linux ulinzi wa Widevine hufanyika ndani ya programu tu, na baadhi ya huduma hupunguza ubora kwa sababu hiyo. Hakuna mpangilio wa halali utakaoliondoa zuio hilo.

Mwisho, video inayoganda kwenye sekunde ya kwanza ilhali akiba imejaa na hakuna fremu iliyodondoshwa mara nyingi inasubiri sauti, kwa kuwa kivinjari hupima mwendo wa picha kwa kufuata sauti. Ili kuanzisha upya huduma za sauti, andika systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse, kisha uifungue video upya.