Jani lipi limeanza kuugua?

Nina tangi la kioo la mimea ya majini, la lita 120, na mimea yake ilipoanza kudhoofika nilifanya kosa ambalo bado naliona kwa wengi: niliona umanjano, nikasema ni upungufu wa chuma. Hygrophila, mimea ya majini yenye shina refu, zilikuwa zimefika juu ya maji. Majani ya chini yalikuwa manjano kuanzia kwenye ncha, yamelegea, mengine yakiachia shina nilipoyagusa tu kwa kidole. Nikatia mbolea ya chuma wiki tatu mfululizo. Umanjano ukaendelea kupanda shina, na vioo vikaota mwani. Nilichopaswa kukitazama ni majani ya juu kabisa: yalikuwa madogo, lakini ya kijani. Mmea ulikuwa umekosa naitrojeni, ukawa unayanyang'anya majani makuukuu ili kuyalisha machanga.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni moja: jani lipi limeanza kuugua, la zamani au jipya? Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzichota kwenye majani ya zamani na kuzipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Chuma, kalsiamu, manganizi na boroni zikishakaa kwenye jani hazitoki kwa urahisi. Zikikosekana, jani jipya ndilo linalozaliwa na kasoro. Swali hili peke yake huondoa nusu ya makisio.

Potasiamu inastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua jani la zamani la Hygrophila au la Anubias, mmea wa majini wenye shina nene, ulishike mbele ya taa. Mwanzoni utaona vidoa vidogo kama vya ncha ya sindano, kila kimoja kimezungukwa na duara la manjano au la kahawia. Baada ya siku kadhaa sehemu ya katikati hufa na kudondoka, likabaki tundu lenye ukingo uliokauka. Watu huwasingizia konokono. Jani lililotafunwa likiwa zima huwa na ukingo wa kijani mpaka mwisho, bila lile duara. Isitoshe, konokono wengi wa tangini hupenda jani ambalo limeshaanza kufa; ukimkuta juu ya tundu, huenda amekuja kula makombo tu.

Chuma na magnesiamu huchanganya kwa sababu zote mbili huacha mishipa ya jani ikiwa ya kijani huku nyama iliyo katikati ya mishipa ikipauka. Hapo lile swali la kwanza hufanya kazi yake. Mchoro huo ukiwa kwenye jani la zamani, shuku magnesiamu. Ukiwa kwenye jani linalochomoza sasa hivi katikati ya Echinodorus, mmea mwingine wa majini, ni chuma, na hali ikizidi jani hutoka karibu jeupe. Angalia pia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kabla ya kuongeza dozi. Chuma cha mbolea hufungwa kwa kemikali ili kibaki kimeyeyuka; kilichofungwa kwa ile iitwayo EDTA huanza kufunguka pale maji yanapopita pH 6.5 hivi, kisha hugeuka kutu isiyomfaa mmea. Maji yangu yako karibu na 7.2, kwa hiyo natumia kilichofungwa kwa DTPA, kemikali inayokishika hata kwenye pH hiyo.

Fosforasi haina dalili ya wazi kwenye jani. Mmea hudumaa tu, ukawa na rangi iliyokolea kupita kawaida. Mimi huitambua kwa vioo: vikijaa vidoa vya mwani wa kijani, vigumu hata kukwangua, na Anubias nazo zikipata hivyo hivyo, mara nyingi fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, imeisha. Kalsiamu ikikosekana majani mapya hujikunja na kuwa na ncha zilizopinda, hasa kwa wanaotumia maji ya mvua au yaliyochujwa chumvi zote. Lakini kaboni dioksaidi inayopanda na kushuka nayo huleta majani yaliyopinda, kwa hiyo hakikisha kwanza hiyo iko sawa.

Si kila jani linalokufa lina njaa. Mimea mingi ya kuuzwa huoteshwa nje ya maji, na majani hayo hufa yakishazamishwa, yakapisha mengine. Cryptocoryne, mmea mwingine wa majini, huweza kuyeyuka majani yote baada ya kuhamishwa. Iache, mizizi iko hai. Anubias iliyofukiwa shina lake nene changaraweni huoza, na hakuna mbolea itakayoiokoa. Inua shina, ulifunge juu ya jiwe au gogo.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu, na hesabu yake si ngumu. Gramu 1 ya naitreti ya potasiamu, chumvi ya mbolea yenye naitrojeni na potasiamu, kwenye lita 100 huongeza karibu miligramu 6 za naitreti na karibu 4 za potasiamu kwa kila lita. Mimi huyeyusha gramu 20 kwenye mililita 500 za maji, kisha natia mililita 25, yaani gramu 1, mara mbili kwa wiki. Mwisho wa wiki nabadilisha nusu ya maji ili kisichotumika kisirundikane. Lengo langu ni naitreti kati ya miligramu 10 na 20 kwa lita, na fosfeti karibu 1. Chuma nakitia siku tofauti na fosfeti, maana vikikutana vingi kwa pamoja hushikana na kutuama.

Mwenye samaki wengi huwa na naitreti ya kutosha kutokana na kinyesi chao, ila potasiamu hupungua. Huyo atumie salfeti ya potasiamu: gramu 1 kwa lita 100 hutoa karibu miligramu 4.5 kwa lita. Echinodorus na Cryptocoryne hula sana kwa mizizi, kwa hiyo zipatie tembe za mbolea chini ya changarawe. Na usiongeze taa kabla ya kuongeza chakula. Mwanga mkali huufanya mmea ule haraka zaidi, na upungufu ambao ulikuwa umejificha hutokeza ndani ya siku chache.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha subiri wiki mbili au tatu. Jani lililotoboka halizibi, kwa hiyo usilitumie kupimia mafanikio. Siku ninayobadilisha dozi, nafunga uzi mwekundu kwenye shina, chini tu ya jani jipya kuliko yote. Majani yatakayoota juu ya uzi ndiyo ninayoyasoma. Ya chini nayakata polepole, mawili matatu kwa wiki, yasije yakaozea majini.