Jinsi ya kudai fidia ya kifo cha ajali ya barabarani nchini Kenya

Mume wa dada yangu aligongwa na matatu alipokuwa akitoka kazini, na kesi tuliyoifungua kwa ajili ya watoto wake watatu ilitupiliwa mbali miezi 11 baadaye kwa sababu ya siku 9. Kesi ilisajiliwa tarehe 4 ya mwezi, ilhali hati iliyompa dada mamlaka ya kushtaki kwa niaba ya marehemu ilipigwa muhuri tarehe 13. Naandika ili familia nyingine isipoteze muda kama sisi.

Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, yaani Sura ya 32, inatoa miaka 3 tangu siku ya kifo, na muda huo hausimami kwa sababu kesi ya kwanza ilikuwa na kasoro. Ikiwa gari lilikuwa la serikali, usihesabu miaka 3, kwani kesi ya madhara dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12.

Cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti na ile karatasi ya polisi ambayo kila mtu huiita abstrakti zinajulikana, nanyi mtazipata. Jambo la kukagua ni kwamba jina la marehemu liandikwe kwa herufi zilezile zilizo kwenye kitambulisho chake. Risiti za jeneza, gari la maiti na hospitali ziwekwe pamoja tangu siku ya kwanza, maana gharama za mazishi nazo hudaiwa.

Hatua inayohitaji uangalifu kuliko zote ni hati ya usimamizi wa mirathi. Ikiwa marehemu hakuacha wosia, anayetaka kushtaki kwa niaba ya mali yake huomba kwanza hati yenye mipaka, ambayo mawakili huiita ad litem na ambayo kazi yake ni kufungua na kuendesha kesi hiyo tu, haimruhusu mtu kugawa shamba wala kutoa fedha benki. Nendeni kwa chifu mpate barua inayowataja mjane, watoto wote na wazazi waliobaki, kisha wakili awasilishe ombi mahakamani pamoja na cheti cha kifo na viapo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa atajwe pia, hata kama jambo hilo linauma, kwa sababu kumficha huzua pingamizi baadaye na kumnyima haki asiye na kosa lolote. Katika mvutano wa mazishi ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba msimamizi asiyeteuliwa kwa wosia hupata mamlaka yake siku hati inapotolewa. Wakili wetu wa kwanza alituambia kwamba hati ingefuata tu. Kwa hiyo mwambieni wakili awaonyeshe hati yenye muhuri kabla hajasajili chochote, na mlinganishe tarehe hizo mbili kwa macho yenu wenyewe.

Sura ya 32 inawatambua mke, mume, wazazi na watoto, wakiwemo wajukuu na watoto wa kambo, lakini ndugu wa marehemu hawamo. Miezi 6 ikipita bila msimamizi kufungua kesi, wategemezi hao wanaweza kuifungua wenyewe chini ya sheria hiyo. Hata hivyo, madai ya mali ya marehemu chini ya Sura ya 26, yaani Sheria ya Marekebisho ya Sheria, kama vile maumivu aliyoyapata kabla ya kufa, bado yanahitaji hati.

Kabla ya kumtaja mshtakiwa, ombeni NTSA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, rekodi rasmi ya umiliki wa gari, kwa kuwa abstrakti inaweza kubeba jina la dereva au la mtu aliyekwisha kuliuza. Kampuni ya bima nayo ipelekewe notisi ya kisheria mapema, maana bila notisi inaweza kukataa kulipa hukumu. Fahamuni pia kwamba Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari kwa watu wengine wanaoumizwa, inaiwekea bima ukomo wa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari.

Shemeji alikuwa fundi wa mawe asiye na hati ya mshahara. Wengi hukata tamaa hapa bila sababu, kwani Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2005 kwamba karatasi si njia pekee ya kuthibitisha kipato. Dada alipeleka taarifa ya M-Pesa na daftari la duka alilokuwa akikopa, lenye doa la mafuta kwenye jalada, ambamo kila Jumamosi iliandikwa unga, sukari, sabuni, kisha “amelipa” kwa mwandiko wa mwenye duka. Mwenye duka mwenyewe alikuja kutoa ushahidi.

Kuhusu wakili, msimkubali mtu anayewafuata mochari na fomu ya kutia sahihi, na hakikisheni kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba mnayemchagua ana leseni ya mwaka huo. Makubaliano ya kumlipa wakili pale tu kesi inaposhinda hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili, basi ada iandikwe waziwazi tangu mwanzo. Asiye na uwezo aende Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, shirika lisilo la serikali linalotoa msaada wa kisheria.

Bima ikileta pendekezo la kumaliza nje ya mahakama, mjane asitie sahihi siku hiyohiyo. Aulize kwa maandishi ni kiasi gani kinalipwa, ada ya wakili ni kiasi gani, na fungu la kila mtoto litawekwa wapi hadi atimize miaka 18.