Jinsi ya kupima maji yanayopaa kwenye kinamasi cha mboji, kwa ndoo mbili tu

Wadau mnaosoma mambo ya maji huko Kanada au Finland, njia hii nimeipenda sana, maana wengi wakiona kinamasi kimelowa chepechepe wanadhani maji yanapaa kama ziwani tu. Hapana. Pale juu kuna kuvumwani, yaani kimmea kile laini kinachotanda kama zulia, inaitwa sifagnamu, haina mizizi wala vile vitundu vya kwenye majani ambavyo mmea unavifunga jua likikaza, yenyewe inapandisha maji toka chini kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa.

Omba ruhusa kwanza, vinamasi vingi ni hifadhi. Tafuta ndoo mbili zilizonyooka pembeni, zisizovuja, upana sentimita 30 na kina hivyo hivyo. Kwa kisu kirefu cha mkate kata kipande cha kuvumwani pamoja na mboji yake, ila taratibu jamani, usikibonyeze, ukikibonyeza vile vinjia vya maji vinazibika na utambi wako umekwisha. Kitie kwenye ndoo, irudishe kwenye shimo lile lile, mdomo ulingane na ardhi. Ndoo moja iwe na kuvumwani tupu, nyingine iwe na nyasi au vichaka ndani yake. Chomeka kibomba chenye matobo ndani ya kila ndoo na kingine nje, uone maji yako usawa mmoja, na ukiongeza au ukipunguza maji andika ni kiasi gani.

Kila siku saa ile ile ipime, inafika kama kilo 20 kwa hiyo tafuta mzani wa kilo 30 unaosoma hadi gramu 10. Kwa ndoo ya upana huo, gramu 71 zikipungua ni milimita 1 imepaa. Mvua ikinyesha milimita 5 na ndoo ikaongezeka 2, basi 3 zimepaa.

Sasa usiache kupima mvua ikikata wiki kadhaa, hapo ndo penyewe. Maji yakishuka sana chini kuvumwani inapauka, inakuwa nyeupe, yaani utambi umekatika, na ndoo yake inapoteza kidogo mno wakati ile yenye mizizi bado inanyonya. Piga picha kila unapopima, ile rangi itakuambia siku gani ilikatika.